Kucha ya mguu ina habari zake

Ndugu msikilizaji, mwezi Septemba mwaka 1872 meli iitwayo Thomas Mitchell, ikitokea Rio de Janeiro nchini Brazili, ilitia nanga Ambriz, katika pwani ya Angola. Tumboni mwake ilikuwa imepakiwa mchanga ili isiyumbe baharini. Katika mchanga huo alikuwamo mdudu mdogo kuliko chawa. Mdudu huyo ni funza, ambaye wengine humwita tekenya.

Wazee wetu wa Afrika Mashariki walikuwa hawajamjua. Funza hana mbawa, wala haruki mbali. Alisafiri katika nyayo za watu na vumbi la kambi: wapagazi, askari na misafara ya biashara, wengi wao wakitembea pekupeku. Kabla karne ile haijaisha, alikwisha kuvuka bara zima na kufika Zanzibar.

Msafiri Oscar Baumann, ambaye mwaka 1892 alifika Ziwa Manyara, si mbali na hapa Babati, aliandika habari za kutisha kutoka Uzinza, kusini mwa Ziwa Viktoria. Aliona watu ambao viungo vyao vilikatika kwa kuoza, na akaeleza kuwa vijiji vizima viliangamia.

Je, mdudu mdogo namna hiyo aliwezaje kuangamiza kijiji? Jibu ni kwamba watu hawakuijua dalili yake. Funza jike huingia kando ya kucha, akavimba kwa mayai. Huonekana kidoa cheupe chenye nukta nyeusi katikati. Aliyekwisha kumjua alimtoa mapema. Asiyemjua alimwacha, kidonda kikaoza, kucha ikaharibika na kung'oka, na mwenye mguu akashindwa kwenda shamba. Njaa ikamalizia kazi.

Leo sakafu za saruji na viatu, hata katambuga za matairi, vimempunguza funza, ingawa hajatoweka. Anayemtoa atumie sindano safi, wala asiazimane na jirani, maana damu hubeba maradhi.

Lakini somo la Uzinza linahusu zaidi ya funza. Kucha ikiwa ya manjano, nene na yenye kumeguka, mara nyingi ni ukungu, nao una dawa. Kucha iliyogongwa na jiwe huwa nyeusi kwa damu iliyoganda; weusi huo husogea mbele kadiri kucha inavyokua, na huenda ukachukua mwaka mzima au zaidi kwisha. Bali mstari mweusi katika kucha moja tu ambayo haikugongwa, tena unaopanuka au kutia weusi ngozi ya pembeni, hapana budi uonwe na daktari. Huenda ni saratani. Mwimbaji Bob Marley aligunduliwa saratani ya namna hiyo chini ya kucha ya dole gumba la mguu mwaka 1977. Alifariki mwaka 1981, akiwa na miaka 36.

Kwa hiyo, akina mama na akina dada mpakao hina au rangi, ziacheni kucha wazi mara kwa mara, mziangalie. Akina baba nanyi vueni soksi mtazame. Mwenye kisukari atazame kila siku, kwani mguu wake waweza kuumia asihisi.

Wahenga walisema, mdharau mwiba, guu huota tende. Hadi wiki ijayo, kwaherini.