Ngoma, Boma na Bendera: Tarikhi Fupi ya Ngara na Biharamulo

Atakaye kuijua tarikhi ya bendera katika nchi ya Ngara na Biharamulo sharti aanze na ngoma, kwa kuwa zama za watemi na wafalme, kabla Mzungu hajasimika mlingoti wake, alama ya enzi haikuwa kitambaa bali ngoma ya kifalme, iliyokuwa na walinzi wake na kuheshimiwa kama aheshimiwavyo mtawala mwenyewe. Na mashuhuri kuliko zote katika upande huu ilikuwa Karyenda, ngoma ya wafalme wa Burundi, ambao Bugufi, sehemu ya Ngara ya leo, ilikuwa chini ya himaya yao.

Bendera zilikuja na bunduki. Juu ya boma walilolijenga Wajerumani huko Biharamulo mwanzoni mwa karne ya 20, ambalo lingali limesimama hata leo, ilipepea nyeusi, nyeupe na nyekundu ya Dola ya Ujerumani, hata Juni 1916 majeshi ya Wabelgiji yalipoliteka, ikapanda nyeusi, manjano na nyekundu. Nao walipoondoka mwaka 1921 ikafuata ya Mwingereza, ambaye bendera yake ya Tanganyika ilikuwa nyekundu, yenye Union Jack pembeni na kichwa cha twiga. Basi mkulima wa migomba wa Kisubi alijikuta, ndani ya muda mfupi mno, akiwa raia wa rangi ya tatu, wala hakuna aliyemwuliza shauri.

Mambo ya Bugufi yalikuwa mazito zaidi. Mwaka 1919 Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji waligawana nchi iliyokuwa ya Mjerumani, Urundi ikaangukia kwa Mbelgiji, lakini Bugufi ikakatwa na kutiwa Tanganyika. Gisaka, iliyokatwa vivyo hivyo kutoka Rwanda, baadaye ilirudishwa, Bugufi haikurudi. Wako watu waliotengwa na mpaka ila rangi zao zikabaki moja: Waserbia wa Ulaya, kwa mfano, huzipandisha rangi zao nyekundu, buluu na nyeupe katika Serbia, na ndugu zao wa Bosnia, ng'ambo ya mto Drina, huzipandisha zizo hizo. Amma Wahangaza wa Bugufi na Warundi, ijapokuwa lugha zao zasikilizana, kila mmoja husimama chini ya bendera yake.

Na ajabu ni kwamba Burundi ilipopata uhuru mwaka 1962 iliichukua ile ngoma na kuiweka katikati ya bendera, pamoja na mmea wa mtama. Haikudumu: ufalme ulipoondolewa Novemba 1966 ngoma ikaondolewa nao, na baadaye mahali pake pakawekwa nyota tatu. Kwa maoni yangu alama ile ya kwanza ilikuwa bora, kwani ilikuwa imezaliwa papo hapo.

Tanganyika haikuwa na ngoma moja ya wote, hivyo iliazima rangi za chama. Bendera ya TANU ilikuwa kijani, nyeusi na kijani. Zilipoongezwa kanda nyembamba za manjano ikawa bendera ya Taifa, iliyopandishwa Desemba 9, 1961, na Luteni Alexander Nyirenda akaifikisha kileleni Kilimanjaro. Baada ya Muungano wa Aprili 26, 1964, ikatiwa buluu ya Zanzibar, na weusi ukapitishwa mshazari kutoka pembe ya chini ya mlingoti. Kijani ni ardhi na mimea, manjano ni madini, nyeusi ni watu, buluu ni maji. Nasi wa Ngara hatuna haja ya kufikiria bahari, madhali Ruvubu na Kagera hukutana karibu na maporomoko ya Rusumo.

Hapo Rusumo, mpakani mwa Rwanda, jirani naye amebadili yake: tangu Oktoba 2001 ile yenye herufi R imeachwa, ikaja buluu, manjano na kijani yenye jua. Jioni saa kumi na mbili, polisi wa upande wetu anapoishusha yetu, mwendesha baiskeli mwenye mikungu ya ndizi husimama kimya, mguu mmoja chini, hadi kamba itulie.

Walimu wa Ngara na Biharamulo, ambao kila asubuhi husimama na watoto mbele ya mlingoti wa shule, nawasihi wasiishie kwenye rangi nne. Wawapeleke pia bomani Biharamulo, wawaeleze ni nani na nani waliopandisha zao pale.