Twiga alitangulia, popo akafuata

Enzi za Mjerumani, stempu za Afrika Mashariki zilibeba picha ya Hohenzollern, meli ya fahari ya Kaiser. Waingereza walipoishika Tanganyika wakatoa stempu zao mwaka 1922, na safari hii aliyechungulia kwenye bahasha alikuwa twiga. Hakukaa sana. Mwaka 1927 aliondolewa, akawekwa Mfalme George wa Tano. Mpaka leo wakusanyaji huliita toleo lile kwa jina la mnyama huyo.

Stempu za pamoja za Kenya, Uganda na Tanganyika zikaleta korongo mwenye taji na simba mwaka 1935, kisha tembo mwaka 1954. Wote ni wanyama ambao wageni walivuka bahari kuja kuwaona au kuwawinda. Viumbe wa usiku hawakukumbukwa.

Ndiyo maana naithamini mno seti ya Kenya iliyoanza kutolewa mwaka 1966, iliyochorwa na Rena Fennessy. Muhanga alipewa senti 15, komba senti 20, na bweha masikio shilingi moja na nusu. Kakakuona alipewa shilingi 10, thamani iliyopitwa na simba peke yake. Nchi changa iliamua kwamba hata mla mchwa anayetembea gizani anastahili kuitambulisha duniani.

Barua ya kawaida haikuhitaji shilingi 10, kwa hiyo aliyetegemea bahasha za nyumbani alikutana na komba mapema kuliko kakakuona. Kazi ya kubandua stempu haina haraka: unakata kipande cha bahasha, unakiloweka kwenye maji ya vuguvugu mpaka gundi iachie, unaitoa stempu kwa kibano na kuilaza kifudifudi ikauke. Ukiivuta kabla ya wakati, vijino vya pembeni vinachanika na thamani imekwisha.

Siku hizi wengi hukusanya kwa mada badala ya nchi, na wanaomtafuta popo hufika mbali. China ilimweka kwenye stempu tangu mwaka 1894, katika toleo la kuadhimisha miaka 60 ya Malkia Mama Cixi: popo watano wameizunguka alama ya maisha marefu, maana kwa Wachina popo ni baraka.

Kwingine alichelewa kwa sababu ya hofu. Huko Austin, Texas, popo walijazana kwenye nyufa za chini ya daraja la Congress Avenue baada ya matengenezo ya mwaka 1980, na wakazi wakataka wafukuzwe. Mtaalamu Merlin Tuttle alihamia mjini humo, akawaeleza watu jinsi popo wanavyokula wadudu waharibifu wa mazao, akiwaonyesha picha alizopiga mwenyewe. Posta ya Marekani ilipoamua kutoa stempu nne za popo, za senti 37 kila moja, ilitumia picha za Tuttle. Zilizinduliwa Austin, Septemba 13, 2002.