Zebaki katika maji yetu: inatoka wapi?

Zebaki, ambayo machimboni wengi huiita kwa Kifaransa mercure, ni metali nzito inayomiminika kama maji. Ikiingia mtoni haionekani wala hainuki. Kuchemsha maji huua vijidudu vya kipindupindu, lakini hakuondoi zebaki. Ndiyo maana ni lazima tujue inakotoka.

Chanzo kikubwa ni dhahabu. Katika machimbo kama ya Kamituga, Misisi na Mongbwalu, mchanga wenye dhahabu huchanganywa na zebaki, nayo hushikamana na dhahabu. Nyingine humwagika pamoja na maji ya kuoshea. Kisha donge huchomwa: zebaki hupanda kama mvuke, dhahabu hubaki. Walio karibu huuvuta mvuke huo, na zebaki hurudi ardhini na mitoni.

Viko vyanzo vingine. Volkano hutoa zebaki ya asili. Msitu ukikatwa, mvua huchukua udongo pamoja na zebaki iliyomo. Baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi zinayo, na vipimajoto vya zamani vikivunjika huimwaga. Kwa hiyo tusimshitaki mtu kwa kuangalia rangi ya maji. Kipimo cha maabara ndicho huthibitisha. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha juu cha mikrogramu 6 kwa lita ya maji ya kunywa.

Hatari kubwa iko katika samaki. Ndani ya matope bakteria huigeuza zebaki kuwa sumu kali zaidi, nayo huzidi katika samaki wakubwa wanaokula wadogo. Huko Minamata, Ujapani, ambako kiwanda kilimwaga zebaki baharini, ugonjwa wake ulitambuliwa mwaka 1956. Watoto walizaliwa na ubongo ulioharibika, hata wa mama ambao hawakuonekana wagonjwa sana. Mkataba wa kimataifa wenye jina la mji huo, uliopitishwa mwaka 2013, unataka kuchoma donge katika makao ya watu kukomeshwe.

Wachimbaji na wamama wanaotwanga mawe ni waumini wenzetu. Wanatafuta ada ya shule na chakula. Tuwaambie kwa upendo: msichome jikoni, msitumie sufuria ya chakula, wenye mimba na watoto wakae mbali, maji ya kuoshea yasirudi mtoni. Elisha, alipoambiwa maji ya Yeriko ni mabaya, alikwenda kwenye chemchemi yenyewe (2 Wafalme 2:19-22). Nasi tuanzie hapo.