Mifereji Iliyozaa Udongo

Chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, kati ya Ziwa Manyara na Ziwa Natron, yapo mabaki ya mashamba ya mawe yaliyoenea takriban hekta 2,000. Hapo ndipo Engaruka, ambako kuanzia karne ya 15 hivi hadi ya 18 watu wa vijiji saba walilima mtama kwa maji ya mifereji. Nyanda za juu za Ngorongoro hupata mvua na misitu. Nchi ya chini hupata vumbi, isipokuwa pale mto unapochomoza korongoni. Tangu mwanaakiolojia Louis Leakey aitembelee mwaka 1935 na kukisia wakazi zaidi ya 30,000 (hesabu ambayo waliomfuata waliipunguza sana, maana nyumba zote hazikukaliwa kwa wakati mmoja), swali limekuwa ni jinsi maji yalivyofikishwa shambani. Mimi naona maji yalikuwa nusu tu ya habari. Uchimbaji wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba baadhi ya mashamba yale ni tabaka juu ya tabaka za mashapo yaliyonaswa nyuma ya kuta za mawe. Maana yake wakulima waliyaongoza maji yenye tope, wakayapunguza mwendo, yakawaachia udongo palipokuwa na mawe matupu. Mfereji ulinywesha shamba, na mahali pengine ndio uliolizaa.

Kwa nini basi waliondoka? Jibu jepesi ni kwamba Wamaasai waliwafukuza. Sikatai kwamba wafugaji wenye nguvu waliweza kuwabana wakulima wa bondeni. Lakini Wasonjo, upande wa magharibi wa Ziwa Natron, wamezungukwa na Wamaasai hao hao, na hadi leo wanamwagilia mashamba yao. Ujirani peke yake hautoshi kuhamisha watu. Ushahidi wenye uzito zaidi uko kwenye makorongo: baadhi ya mifereji mikavu ilichota maji mahali ambapo leo hapatiririki kitu ila msimu wa mvua. Wapo watakaosema misitu ilikatwa huko juu, wengine watasema mvua zilipungua, na huenda kila upande una sehemu ya ukweli. Hata hivyo ukame uliwakuta watu wasio na pa kusogea, kwa kuwa ng'ambo ya kuta zao palikuwa na mbuga kavu isiyolimika. Isitoshe, shamba linalojazwa tope hupanda kimo mwaka hadi mwaka, na mfereji unaolilisha nadhani ulipaswa kupanda nalo, kazi inayotaka mikono mingi wakati mto wenyewe unapungua. Mto Engaruka ungali hai, na wanakijiji wa sasa wanautumia kumwagilia mahindi na maharage. Pembezoni, kwenye makorongo makavu, kuta zimebaki zikishikilia udongo wake.