Dawa za Afyuni, Moyo na Mguu Uliovunjika

Mfupa wa paja unapovunjika kwa mtu mzee, moyo wake huelemewa hata kabla daktari hajashika kisu, kwa kuwa maumivu, woga na damu inayovujia ndani ya misuli huchochea adrenalini, homoni inayoharakisha mapigo na kupandisha shinikizo la damu. Mapigo yakienda mbio, muda wa moyo kulegea baina ya pigo na pigo hufupika, na kwa kuwa ateri zinazoulisha moyo wenyewe hujaa damu zaidi katika muda huo, moyo hudai oksijeni nyingi wakati uleule unapopokea kidogo. Tangu hapo hadi nondo inapogongwa ndani ya mfupa, kila hatua ya upasuaji huweza kuuchokoza upya, na ndiyo maana dawa za jamii ya afyuni, yaani opioidi, zilikuja kupewa nafasi kubwa katika chumba cha upasuaji wa mifupa.

Nafasi hiyo ilichelewa sana. Mofini, kiini chenye nguvu cha afyuni, ilitengwa na mfamasia Mjerumani Friedrich Sertürner mwanzoni mwa karne ya 19, lakini kwa muda mrefu ilibaki msaidizi tu wa etha na klorofomu. Klorofomu ililaza wagonjwa upesi, ila ilikuwa hatari kwa moyo: mnamo Januari 1848, miezi michache tu baada ya James Simpson kuitangaza mjini Edinburgh, msichana wa Kiingereza Hannah Greener, mwenye umri wa miaka 15, alifariki alipokuwa akitolewa ukucha wa kidole cha mguu. Mwaka 1898, mjini Kiel, August Bier alitia kokeini katika maji yanayozunguka uti wa mgongo na kuufanya mguu ufe ganzi huku mgonjwa akiwa macho. Na ni katika mji huohuo, mwaka 1939, ambapo Gerhard Küntscher alianza kuunga mfupa wa paja kwa chuma kirefu kilichopenyezwa katika uwazi wake. Wazee ambao zamani wangeachwa kitandani kwa wiki nyingi wakiwa wamefungiwa uzito mguuni sasa waliweza kupasuliwa na kusimama mapema, na kwa hiyo mioyo dhaifu ilizidi kuletwa mbele ya madaktari wa usingizi.

Mageuzi yenyewe yalitoka kwenye upasuaji wa moyo. Katika Massachusetts General Hospital, Boston, Edward Lowenstein na wenzake walibaini kwamba wagonjwa wenye ugonjwa mkali wa vali, waliowekwa kwenye mashine ya kupumulia baada ya upasuaji, walistahimili mofini nyingi bila mzunguko wao wa damu kuyumba, na mwaka 1969 wakachapisha matokeo ya kuitumia kama dawa kuu ya usingizi, kwa miligramu 0.5 hadi 3 kwa kila kilo ya mwili, ilhali dozi ya kawaida ya kutuliza maumivu kwa mtu mzima ni takriban miligramu 10 kwa jumla. Ulikuwa ujasiri uliojengwa juu ya uangalizi makini, na unastahili heshima hata kama mofini ilikuwa na kasoro zake, kwani huachilia histamini, kemikali inayotanua mishipa na kushusha shinikizo la damu. Fentanili, iliyotengenezwa mwaka 1960 na kundi la Paul Janssen nchini Ubelgiji, ikiwa na nguvu takriban mara 100 ya mofini, haikuwa na kasoro hiyo. Lakini dozi kubwa zilimwacha mgonjwa bila kupumua mwenyewe kwa saa nyingi, jambo lisilomfaa mtu anayetakiwa kuamka na kuanza kusimama, na hivyo katika upasuaji wa mguu ikatumika kwa kiasi kidogo pamoja na dawa nyingine.

Hadi hapo opioidi zilihesabiwa kuwa zinaulinda moyo kwa kuutuliza tu. Mwaka 1986 Charles Murry, Robert Jennings na Keith Reimer walionyesha kwamba moyo wa mbwa uliokatiwa damu mara 4 kwa dakika 5 kila mara ulipata madhara machache zaidi ulipokatiwa kwa dakika 40 mfululizo, kana kwamba ulikuwa umeandaliwa. Katikati ya miaka ya 1990, maabara ya Garrett Gross huko Wisconsin ilibaini kwamba naloksoni, dawa inayozuia vipokezi vya opioidi, iliufuta ulinzi huo katika panya, na kwamba mofini iliweza kuuiga. Kwa binadamu ushahidi wa mofini kufanya kazi hiyo umebaki mwembamba kuliko ule wa wanyama, na daktari mwangalifu hapaswi kuongeza dozi kwa tumaini hilo peke yake.

Njia nyingine ya kuuandaa moyo, yaani kukatia damu kwa muda mfupi kiungo kilicho mbali nao, imezaa matunda yaliyo wazi zaidi. Mkanda wa hewa, ulioletwa na Harvey Cushing mwaka 1904 ili kuzuia damu wakati wa upasuaji wa viungo, hupandisha mapigo na shinikizo la damu ukikaa mguuni takriban saa moja. Lakini mkanda kama huo, ukibanwa na kulegezwa mkononi kwa vipindi vifupi, hutuma ishara ya kuuandaa moyo. Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2019 uliwafanyia hivyo, mara 4 kwa dakika 5, wagonjwa waliovunjika nyonga na wenye hatari ya maradhi ya moyo, na kiasi cha troponini, protini inayovuja kutoka kwenye misuli ya moyo iliyojeruhiwa, kilionyesha kwamba waliopata majeraha ya moyo walikuwa wachache kuliko wale wasiobanwa mkono.