Watakaorudi Januari

Siku ya kufunga shule, nje ya mabweni ya wasichana hupangwa matranka, magodoro yaliyokunjwa na ndoo zenye majina yaliyoandikwa kwa rangi. Wanafunzi hukumbatiana, wengine hulia. Matroni hupita akihesabu vitanda. Kwa miaka yote ninayofundisha, saa hiyo hunitia hofu, maana sijui nani kati yao hatarudi.

Nikiitazama historia ya shule za wasichana Afrika Mashariki kutoka uwanjani hapo, mabishano ya sare na nywele naona ni madogo. Lililogombaniwa hasa ni kurudi, nyumbani na shuleni.

Huko Mbweni, Unguja, wamisionari wa UMCA (Universities' Mission to Central Africa) walifungua shule miaka ya 1870 kwa wasichana waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Caroline Thackeray alifika mwaka 1877 akaiongoza kwa robo karne. Wasichana wale hawakuwa na likizo tunayoijua sisi, kwa kuwa hawakuwa na kwao pa kwenda. Wengi waliondoka shuleni kwa kuolewa na vijana waliosomeshwa na misheni hiyohiyo katika shule ya wavulana ya Kiungani.

Shule ya Gayaza, Uganda, iliyoanza mwaka 1905, ilipokea mabinti wa machifu wa Buganda. Hawa walikuwa na kwao, tena kwao kwenye macho makali. Heshima ya Muganda wa kike ilikuwa shamba la migomba; binti angerudi amesahau jembe, wazazi wangesema shule imemharibu. Basi wasichana wakalima palepale shuleni. Nakipenda kisa hiki, kwa sababu mila haikutukanwa, ilipewa shamba.

Unguja ya mwaka 1927 mambo yalikuwa magumu zaidi. Serikali ilifungua shule ya wasichana mahali ambapo binti aliyevunja ungo alitawishwa, na kwa familia nyingi masomo yangeishia hapo. Walimu wakaingiza Kurani katika ratiba, pamoja na mapishi na ushonaji, wakalinda sitara ya wanafunzi ili wazazi wakubali kuwaruhusu tena muhula ukifunguliwa.

Tanzania ilipotangaza sera ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, kisha Sheria ya Elimu ya 1969, shule za misheni zilipita mikononi mwa serikali. Marian College ya Morogoro ikawa Kilakala. Assumpta ya Moshi ikawa Weruweru. Chini ya mkuu wake, Mama Maria Kamm, Weruweru ilitoa wanawake ambao taifa linawajua hadi leo. Majina yalibadilika, kengele ya alfajiri ikabaki. Na jambo jingine likabaki, ambalo mimi naliona ndilo doa letu kubwa: aliyepata mimba alifukuzwa. Kanuni za mwaka 2002 za kufukuza wanafunzi zilitumika kumfungia mlango, ingawa Kenya ilikuwa na sera ya kumrudisha tangu 1994. Tulilinda heshima ya shule kwa kumtupa mtoto wa watu, na mara nyingi aliyempa mimba aliendelea na shughuli zake.

Mama Kamm hakunyamaza hata alipostaafu. Alianzisha Mama Clementina Foundation hukohuko Moshi, akawapokea wasichana ambao shule ziliwakataa. Serikali iliwafungulia njia Novemba 2021, ilipotangaza kwamba walioacha masomo kwa sababu ya mimba wanaweza kurejea.

Mmoja wao yumo kidato cha tatu katika shule yetu. Leo asubuhi nimemsaidia kubeba tranka hadi getini. Ndani ameweka vitabu vya fizikia na viatu vya mtoto alivyonunua gulioni. Mtoto anamsubiri kwa bibi. Matroni ameandika jina lake kwa chaki ubavuni mwa kitanda, kisije kikagawiwa mwingine Januari.