Kura, Metadoni na Watu 49 Walioondoka

Mwaka 1965, Vincent Dole na Marie Nyswander wa New York walichapisha ripoti ya wagonjwa 22 wa uraibu wa heroini waliotibiwa kwa metadoni. Matokeo yalivutia, lakini wagonjwa walikuwa wamechaguliwa, wala hapakuwa na kundi la kulinganisha. Nani angejua kama kilichowatuliza ni dawa au ni nia waliyokuja nayo?

Jibu zito zaidi lilitoka Hong Kong, katika jaribio la Newman na Whitehill lililochapishwa mwaka 1979. Wanaume 100 walianzishiwa metadoni hospitalini, kisha wakagawanywa kwa nasibu. Nusu waliendelea nayo. Nusu walipunguziwa miligramu moja kila siku hadi wakabaki wakinywa dawa bandia, bila kuambiwa. Baada ya wiki 32, asilimia 76 ya kundi la kwanza walikuwa bado katika tiba, dhidi ya asilimia 10. Baada ya miaka mitatu, asilimia 56 dhidi ya 2, yaani mtu mmoja tu.

Mkaguzi wa upendeleo atauliza kwanza kuhusu usiri. Ni kweli, mraibu hahitaji daktari amwambie kwamba kikombe chake hakina kitu, mwili humwambia. Lakini arosto hiyo ni tokeo la kukosa dawa, hivyo sioni kwa nini peke yake itufanye tulitupe jaribio zima.

Hoja ya waliotoka ndiyo nzito. Watu 49 kati ya 50 wakishaondoka, swali la nani aliacha heroini halijibiki tena kwa haki, kwa kuwa tunapima waliobaki dhidi ya wasioonekana. Swali la nani alibaki katika tiba linajibika vema. Jaribio ni lile lile, hatari ni mbili tofauti. Anayelipa jaribio zima alama moja, kama afanyavyo mwalimu mvivu wa insha, hajalikagua.

Nchini Sweden, jaribio la buprenofini lililochapishwa mwaka 2003 lilikuwa na wagonjwa 40. Katika mwaka mmoja, wanne kati ya 20 waliopewa dawa bandia walifariki. Katika kundi la buprenofini hakufa hata mmoja. Kifo hakibadiliki kwa kujua nani amepewa nini. Kliniki ya metadoni ilipofunguliwa Muhimbili mwaka 2011, kuwapa wagonjwa wa Dar es Salaam dawa bandia ili kupata ushahidi mpya kungekuwa kurudia vifo hivyo kwa makusudi.